Mafuta ya Kokwa

Nimefungua chupa ya mafuta meusi ya kokwa za chikichi, na mjukuu wangu ameziba pua. Yananuka moshi, kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

Nilipokuwa mtoto, mama alikuwa akiyatengeneza mwenyewe. Kila asubuhi alituita mlangoni, akaanza na mdogo wetu: nywele kavu kwanza, kisha magoti, kisha visigino vilivyopasuka. Yaliyobaki viganjani ndiyo aliyojipaka yeye, na mara nyingi hayakufika hata kwenye viwiko.

Siku moja, shuleni kwa masista, mwenzangu wa dawati alisogea pembeni akasema ninanuka jiko. Kesho yake nilijificha nyuma ya nyumba nikajisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawa rangi ya majivu. Mama akanikuta.

"Nani alikuambia unanuka, mutoto yangu?"

Nikamweleza. Hakunigombeza. Alichukua chupa, akajimiminia kichwani, akajipaka uso, shingo na mikono yote, aking'aa kama samaki aliyetoka mtoni sasa hivi. Ndipo akanipaka mimi.

"Bon, twende," akasema. "Wakisema, waseme sisi wote mbili."

Alinifikisha hadi mlangoni mwa darasa. Akawasalimia watoto mmoja mmoja, polepole, kwa kuwashika mikono, na kila mkono ukaondoka na mafuta. Asubuhi ile darasa zima lilinukia mama yangu.

Mjukuu bado ameziba pua. Ninamimina mafuta kiganjani, na leo ninaanza na kichwa changu.