Kipande Ambacho Programu Ilikifunika

Kwetu kijijini Maji ya Chai, mtu akiugua figo, watu wanalaumu maji. Maji yetu yana floraidi nyingi, madini yanayotia meno rangi, na meno yetu ni ya kahawia, na baba alipofariki kwa figo hakuna aliyetafuta sababu nyingine. Dada yangu mkubwa alipoanza kusafishwa damu kwa mashine mjini Arusha, kikao cha familia kikaamua haraka: mdogo wetu wa kiume atampa figo moja. Yeye amelelewa na shangazi Moshi, meno yake meupe, kwa hiyo na figo zake ni nzima. Mimi mwenye meno ya kahawia sikuulizwa hata kwa adabu. Nilikasirika, na sioni haya kusema.

Kazi yangu ni kuunganisha jenomu ya binadamu, yaani vinasaba vyake vyote, kwa kompyuta, hasa sehemu zinazojirudia. Mashine nyingi husoma vinasaba kwa vipande vifupi. Chukua wimbo wa kanisani wenye kiitikio kilekile baada ya kila ubeti, uchane karatasi vipande vidogo, umwambie mtu aupange upya. Beti atazipanga. Viitikio atavirundika kama kimoja, na ikiwa kimojawapo kina herufi ya ziada, ataiona ni uchafu na kuifuta. Upo ugonjwa wa figo wa kurithi unaoletwa na herufi moja tu ya ziada, ndani ya sehemu ya namna hiyo. Kwanza baba, sasa dada. Nilishuku.

Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyechambua vinasaba vya mdogo wangu kabla ya upasuaji. Akaandika kwamba hakuna kasoro. Nikamfuata mezani kwake.

"Programu yako inaifunika hii sehemu," nikamwambia. "Haikuisoma."

"Basi hakuna kilichoonekana."

"Ukifumba macho pia hutaona kitu."

"Wewe dada unataka kasoro ipatikane kwa nguvu," akasema, akaendelea kula chipsi zake. Simpendi mtu yule mpaka leo.

Nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Nilipoomba upasuaji usubiri, mama aliacha kupokea simu zangu. Mimi na dada hatukuwa na maelewano tangu msiba wa baba, na sasa akapata la kusema: kwamba nataka afe. Alilisema mlangoni mwa kanisa, watu wakisalimiana.

Mdogo wangu, ambaye peke yake alikuwa bado ananisemesha, alikubali kutoa damu tena, akambembeleza dada naye atoe. Nikaongeza na yangu ya kulinganisha. Safari hii tulitumia mashine inayosoma vipande virefu, vinavyovuka sehemu nzima bila kukatika. Nikatenganisha nakala iliyotoka kwa baba na ile ya mama, maana programu hupenda kuzichanganya, kisha nikakagua viitikio kimoja kimoja. Nilifanya kazi ile kwa hasira, na hasira ilinisaidia, kwa sababu kila programu iliponiambia imemaliza sikuiamini. Herufi ya ziada ikajitokeza kwa dada. Ikajitokeza palepale kwa mdogo wangu.

Jumapili baada ya ibada nikaenda nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu bila kunitazama.

Nikawaeleza yeye, dada na mdogo wetu. Mdogo wetu ana ugonjwa uleule, ila haujaanza kumsumbua. Akitoa figo moja, atakayobaki nayo itamfia mapema, na atakayoitoa haitamfikisha dada mbali.

"Umeridhika?" mama akauliza.

Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, akaniuliza, "Na wewe je?"

"Mimi sina. Hospitali wakinikubali, nitatoa mimi."

Dada akanigeukia.

"Ya mdogo wetu ningeishi nayo kwa amani," akasema. "Yako utanikumbusha kila tukigombana. Nitaichukua tu, nina watoto."

Nikafungua mdomo ili nikane, nikashindwa. Njia nzima kutoka mjini nilikuwa nikiyapanga maneno hayohayo ya kumkumbusha, nitakayomwambia siku ya kwanza atakayonikosea tena.