Advansi ya Nyumba ya Mwalimu

Mimi ndiye niliyeandika ule mkataba. Baba alisema nina mwandiko wa kusomeka, na kwa kuwa niko kidato cha tatu, nisingekosea. Tulikuwa sebuleni kwa mwalimu mmoja mstaafu, hapa Mbinga mjini. Alikuwa anahamia kwa mwanawe Songea, nyumba anaiuza. Sisi ni watu wa Kitura, mimi nasoma huku na nimepangishiwa chumba. Baba alitaka tuwe na kwetu mjini, mimi na wadogo zangu wanaonifuata, tuache kulala kwa watu. Fedha yote ya kahawa ya msimu uliopita akaitoa advansi.

Mwalimu alitamka, nami nikaandika: mnunuzi akighairi, advansi haitarudishwa. Baba akatia sahihi, mwenyekiti wa mtaa akagonga mhuri.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeomba kwenda chooni. Nyuma ya jiko maboga yalikuwa yametambaa, na katikati ya majani nikaona saruji na ncha ya msalaba. Nilijua ni kaburi. Niliporudi, wakubwa walikuwa wanaongea. Nikasubiri wanyamaze nipate kusema. Hawakunyamaza, na mimi nikapewa kalamu.

Wiki iliyofuata mama, ambaye siku ile alibaki kupalilia mahindi, alikuja na baba kuiona nyumba. Akaenda nyuma kuchuma majani ya maboga. Akarudi mikono mitupu.

"Mwalimu, nani amelala kule nyuma?"

"Mke wangu wa kwanza. Hana neno na mtu."

"Novemba, mwezi wa marehemu, wanao watakuja kumsalia kaburini. Sisi hapo tutakuwa wenyeji au wageni?"

Baba akasema basi, nyumba yenye kaburi la ukoo mwingine haiwezi, tumeghairi, arudishe fedha.

Mwalimu akacheka. "Mzee mwenzangu, nilikutembeza mchana kweupe. Nani alikufumba macho? Binti, hebu tusomee karatasi yako."

Nikasoma. Sauti haikutoka vizuri, akaniambia nirudie, kama vile tuko darasani. Nikarudia.

Nikawasindikiza wazazi stendi. Njia nzima baba alikuwa anamwita mwalimu mwizi. "Amepanda maboga makusudi! Nani angeona kaburi mle ndani?" Alipokwenda kuuliza gari la Kitura, nikamwambia mama kwamba mimi niliona.

"Siku ileile?"

"Ndiyo, mama. Kabla sijaandika."

Nilingoja kofi. Lingeniuma kidogo likaisha. Mama aliangalia upande aliko baba, akaniangalia mimi, akafunga kanga yake upya ingawa haikuwa imelegea.

"Usimwambie baba yako," akasema. "Mwache aendelee kumchukia mwalimu."

Gari lilipokuja akapanda, akakaa dirishani. Hakuniaga.