Pindo la Vidole Vinne

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na hali ya mtaa wetu anaijua kwa mapindo. Mzazi mwenye nia ya kukaa humwambia, "Fundi, acha pindo la kutosha." Sketi ya darasa la kwanza hukunjwa kwa ndani upana wa vidole vinne, pindo likashushwa kidogo kila mwaka, mpaka mtoto anafika darasa la nne na sare ileile. Anayejua ataondoka haoni sababu ya kununua kitambaa cha kukunja.

Mwaka jana kiwanda cha viatu kilipunguza wafanyakazi, na tangu hapo shangazi hatulii. Jirani wa kulia amefunga kufuli, wa kushoto naye kahama. Shuleni wameunganisha mikondo miwili ya darasa la pili, na bado kuna madawati matupu. Waliobaki wengi ni mabibi na wajukuu, na akina mama wanaouza mboga kwa akina mama wenzao wanaouza mboga. Mimi jambo hilo linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja.

Msimu huu wa sare wazazi wanaagiza huku wakitazama pembeni. "Pindo dogo tu, fundi." Mteja akitoka, shangazi anasimama, anachungulia barabarani, anarudi, anapiga pasi nguo aliyokwisha kuipiga pasi.

"Shangazi, kaa basi," nilimwambia, nikishona vifungo. "Unanizungusha kichwa."

"Nikikaa nitawaza."

Alichokiogopa nilikijua. Binti yake anaishi naye, pamoja na mtoto wa kike anayeanza shule mwaka huu. Mkwe alipoteza kazi kiwandani, akaenda kuhangaika mji wa mbali. Akipiga simu, binti hutoka nje kuipokea. Kuhusu sare ya mtoto binti hakusema neno, na shangazi naye hakuuliza. Ukaidi wamerithishana hao.

Jumamosi uvumilivu ukamwisha. Akakata kitambaa, akamvisha mjukuu, akashikiza kwa pini pindo la kiganja kizima. Sketi ikamning'inia mtoto kama pazia, naye akacheka, akazunguka nayo chumbani.

"Hii itamfikisha darasa la saba," shangazi akatangaza, kwa sauti ya kusikika jikoni.

Binti akatoka jikoni akifuta mikono. Akaitazama ile sketi. Natamani ningekuwa kwingine saa ile.

"Mama," akasema taratibu, "huko tunakokwenda hawavai rangi hii."

Shangazi akapiga magoti mbele ya mjukuu, akaanza kuchomoa pini mojamoja. Zilipokwisha alibaki palepale chini, kitambaa mkononi.

"Wanavaa rangi gani?"

"Kijani."

"Nitatafuta." Akazikusanya pini. "Na pindo?"

Binti akachuchumaa kando yake. Machozi yalikuwa yanamtoka binti.

"Acha la kutosha, mama."