Siku Niliyoieleza Radi

Radi ilipiga zizi la jirani yetu mchana, ikaua ng'ombe wake, na kabla hawajafukiwa watu walishaanza kuyataja macho ya mama yangu. Macho yake ni mekundu kwa miaka mingi ya kupikia mavi makavu ya ng'ombe, basi. Lakini huku kwetu Shinyanga macho ya namna hiyo huitwa ya kichawi, na yameshawaua vikongwe wengi kwa mapanga, na mama ni mjane, anaishi peke yake upande wa Kolandoto. Aliponipigia simu hakulia. Aliniuliza tu nitafika lini. Nikapanda gari kutoka Segese, ninakofundisha fizikia.

Wazee waliitisha dagashida, baraza letu la kijiji. Niliwaamkia shikamoo, wakachelewa kuitikia. Mama alikuwa mkekani, kanga imemfunika mdomo, na hakuna aliyekubali kukaa naye. Hapo hasira ikanipanda. Nikasimama bila kupewa nafasi.

Niliwaambia radi haitumwi na mtu. Ni chaji za umeme, zinajitenga mawinguni mpaka hewa inashindwa kuzizuia, inageuka plazma, gesi yenye umeme, ile ile iliyojaa kwenye jua na nyota. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini mwalimu akishaanza, nani wa kumnyamazisha? Nikaendelea kwamba ulimwengu wote unatanuka, makundi ya nyota yanazidi kuachana, na wapo wachache wanaodhani huenda chaji zinazofanana, kwa kuwa husukumana, zina mkono katika kutanuka huko. Nilisema wazi kwamba wataalamu wengi hawakubali. Thubutu! Hilo hakulisikia mtu.

Ili waone kwa macho yao, nikachukua mfuko wa nailoni wa mkate niliomletea mama, nikakata vipande viwili virefu, nikavisugua kwenye nywele zangu, nikavishika juu pamoja. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi, hewa imekauka. Vikaachana. Nikavisogeza, vikazidi kukimbiana.

Hakuna aliyecheka. Wanawake wa mbele waliwavuta watoto wao nyuma. Jirani mwenye ng'ombe alivitazama vile vipande, akanitazama mimi, akauliza taratibu, "Mwalimu, unavisukuma bila kuvigusa?"

Nikamjibu kwamba ni chaji. Akataka kujua kama hizo chaji nimeziweka mimi. Na kweli nilikuwa nimeziweka mimi, tena kwa nywele zangu, mbele ya kijiji kizima. Ulimi huponza kichwa. Nilielewa walichoelewa: anayejua radi inavyotengenezwa ndiye mwenye radi.

Wazee walinong'onezana kwa Kisukuma, kisha mkubwa wao akatangaza kwamba mama aachwe, asiguswe na mtu. Mimi nirudi Segese kabla mvua haijanyesha tena. Nilimshukuru Mungu. Waniogope mimi, nilijisemea, mradi mama yangu alale salama.

Tulirudi nyumbani. Nilitangulia kuingia, nikageuka kumpa mkono avuke kizingiti. Mama aliurudisha wake nyuma, akauficha ndani ya kanga. Akabaki amesimama uani, nyumba ni yake na hataki kuingia.

"Mwanangu," alisema, "niambie mimi niliyekuzaa. Wale ng'ombe, ni wewe?"