Kompyuta ya Kaka Yangu Ilisema Nilishika Simu

Admin, ficha jina langu, lakini hasira yangu usiifiche, iache kama ilivyo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mwalimu wa hesabu, nimeolewa upande wa Kirinyaga. Kwetu ni Nyeri.

Nina kaka mmoja. Mji mzima unamwita Injinia, ingawa masomo pekee ninayojua alifanya ni kozi fupi ya kompyuta Nairobi. Katikati ya miaka ya tisini alirudi na tai shingoni, akafungua ofisi juu ya duka la vyuma, akatangaza kwamba ana kompyuta inayopiga simu yenyewe. Watu walikuwa wakipanda ngazi kuja kuishangaa. Yeye anajipiga kifua, mimi nipo nyuma yake nachapa. Nilikuwa nasubiri kuajiriwa ualimu, kwa hiyo nilimfanyia kazi mwaka mzima.

Niwaeleze kidogo, maana kisa chote kiko hapo. Kompyuta haijui maneno, inajua namba. Waliotengeneza mfumo wa kuiunganisha na simu waliipa kila hali ya simu namba isiyobadilika na jina lake. Kupiga ni 16. Laini bize ni 64. Simu ikiunganishwa ni 256, na jina lake ni LINECALLSTATE_CONNECTED. Mimi nilizichapa hizo hadi nikaziota. Tatizo ni kwamba modemu ya Injinia, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu, ilikuwa ya bei ya chini, haikuwa na uwezo wa kusikia kama mtu ameinua simu upande wa pili. Ikimaliza kupiga namba, basi, inasema CONNECTED. Hata simu ikilia kwenye nyumba tupu, CONNECTED. Nilimuuliza, akacheka: "Wachana na hiyo. Customer anataka kuona neno, hajui kitu."

Nikaajiriwa, nikapelekwa shule moja Wang'uru, huku Kirinyaga. Namba ya simu ya kunipata waliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa ya ofisi ya shule. Agosti, shule zimefungwa na ofisi ina kufuli, mama yangu alianguka jikoni akafa.

Kwetu mtu akifa, mtu anatumwa. Wa mbali wanatangaziwa redioni, na hakuna nyumba isiyosikiliza matangazo ya vifo jioni. Injinia alikataa vyote viwili. Ati kutuma mtu ni ushamba, ati redio ni ya wazee, na kompyuta iko? Alirekodi sauti yake ikieleza siku ya mazishi, akaiachia mashine ipige. Kule Wang'uru simu ililia kwenye ofisi tupu, sauti ya Injinia ikahutubia kengele ya simu ambayo hakuna aliyeiinua. Kompyuta ikaandika CONNECTED. Akamwita baba, akamwonyesha kioo cha kompyuta: "Ameshika, baba. Amesikia yote." Kutoka Wang'uru hadi kwetu ni safari ya asubuhi moja tu, lakini hakuna aliyetumwa.

Nilifika wiki iliyofuata, najua tu naenda kumtembelea mama, nimembebea mchele wa pishori aliokuwa anaupenda. Nikakuta udongo mbichi kando ya migomba. Hakuna aliyeinuka kunisalimia.

Baba akaniuliza, "Wewe ulishika simu, ukasikia mama yako amekufa, ukaiweka chini?"

"Simu gani, baba? Shule imefungwa!"

"Kompyuta ilisema umeshika."

Nilipiga magoti nikaeleza habari ya modemu huku nalia. Nani angenielewa? Mtu mmoja tu pale boma alijua ninasema kweli, na ndiye aliyenifundisha hizo namba. Nikamgeukia. Injinia akarekebisha tai yake, akasema, "Kompyuta haina chuki na mtu, dada."

Toka siku hiyo mimi ni yule binti aliyekataa kumzika mama yake. Nimepewa jina la mama yake baba, kwa hiyo tangu utoto baba alikuwa akiniita maitu, yaani mama yangu kwa Kikuyu. Sasa ananiita mwalimu. Nikienda nyumbani napewa chai kama mgeni, halafu watu wanangojea niondoke.

Baba amepita miaka tisini na nguvu zimeisha. Jumamosi hii anataka kubariki watoto wake kabla hajaondoka. Mimi nimeambiwa nilete kondoo wa kuombea msamaha, nisimame mbele ya watu wote niseme nilisikia na sikuja, ndipo nibarikiwe.

Nilimwendea Injinia juzi. Ofisi ilikufa zamani, tai bado anayo. Nikamwambia amweleze baba ukweli angalau sasa. Hata hakubisha!

"Najua haukushika," akasema. "Nilijua hiyo siku. Lakini ningesema nini, na watu wote walikuwa wameona mashine yangu? Leta tu hiyo kondoo, maneno iishe. Mzee ni wa leo ama kesho, unataka kumuua na mambo ya modem?"

Nikainuka nikaondoka, njia nzima natafuta tusi la kumtosha. Mwanaume mzima, mzee wa kanisa mwenye wajukuu, aliona afadhali mimi nipoteze baba kuliko yeye achekwe kwa sababu ya kifaa cha bei ya chini. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayenifanyia hisani. Mimi simchukii, nawaambia ukweli. Chuki ni ya mtu mwenye uzito, na huyu hana.

Nikisema ukweli Jumamosi, nitakuwa nimemwambia mzee anayepumua kwa shida kwamba alimtenga binti yake bure, na mwanawe anayemlisha ni mwongo. Sijui kama moyo wake utahimili. Nikinyamaza nipeleke kondoo, nitapata mikono ya baba kichwani, kitu ninachokililia miaka yote hii.

Ninyi mnaosoma, wenye wazazi na msio nao, nipeni neno kabla ya Jumamosi. Mama yangu nilinyimwa kumzika. Je, nisimame kando ya kaburi lake niseme nilikataa?