Herufi ya Ziada katika "Bellwether"

Kwa miaka kadhaa niliwafundisha watu wazima neno moja la Kiingereza vibaya, na sikujua. Darasa letu liko mtaa wa Ndosho, jirani na mafundi wa kuchomelea vyuma, kwa hiyo mwalimu hulazimika kupaza sauti. Alasiri moja niliandika ubaoni "bellweather". Nikaeleza kwamba bell ni kengele na weather ni hali ya hewa: Waingereza wa zamani walitundika kengele iliyolia upepo ulipobadilika, ndiyo maana leo neno hilo ni dalili ya mambo yanakoelekea.

Maelezo hayo sikuyasoma popote. Niliyatunga siku ya kwanza nilipoulizwa, kisha nikayarudia mpaka nikayaamini.

Mwanafunzi mmoja, mama muuza jibini aliyetoka Masisi, aliinua kamusi yake. "Mwalimu, mu kitabu hakuna ile a."

Nilimwendea nikaisoma. Wether, neno la kale: kondoo dume aliyehasiwa. Bellwether ndiye anayevishwa kengele ili kundi limfuate. Hakukuwa na upepo wala mvua.

"Papa yangu alikuwa naye moja," mama akasema taratibu. "Alimuvika kengele ku shingo. Wengine banamufwata tu."

"Kwa nini aliyehasiwa?"

"Hasumbuke na majike. Anafikiria njia."

"Na akipotea?"

"Bote banapotea naye."

Alisema hivyo bila kunilenga, lakini maneno yalinipata. Nikaifuta ile a, nikawaambia kwamba habari ya kengele ya upepo niliibuni mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Waliinama wakasahihisha madaftari yao.

Kesho yake nikampigia simu mwanafunzi wangu wa zamani, niliyemfundisha kosa hilo hilo, ambaye sasa ni mkalimani. Nikamweleza yote.

"Mwalimu, ile ya upepo nilishafundisha batoto yangu."

Nikamwomba ampe simu mmoja wao. Akaja binti yake mkubwa. Nikamweleza habari ya kondoo na kengele, nikamtajia neno herufi kwa herufi.

"Unajua kweli," akauliza, "ao unafikiri tu?"

Nikamwambia kwamba safari hii nimesoma, na kwamba yuko mama aliyemwona kondoo wa namna hiyo kwa macho yake.

"Haya," akasema, "rudilia herufi, naandika."