Nilisema Bonde Halina Mwenyewe

Nilikosa mimi, wala shetani simsingizii. Hata yeye angeuliza kwanza.

Mimi ni mkulima wa kijiji kimoja upande wa Mofu. Mwekezaji wa mpunga alipoleta wapimaji, walitaka mwenyeji wa kuwaonyesha mipaka. Nikajitokeza. Wakanivika kofia ngumu na kuniita afisa mahusiano. Jamani, cheo kitamu! Hata nyumbani nilikuwa nakula na kofia kichwani.

Bonde letu la chini ni la kijiji kizima. Masika linafurika, maji yakipungua, kila mtu anavua kambale kwenye madimbwi. Siku ya kupima ilikuwa kiangazi, limekauka. Mpimaji akauliza nani analitumia.

"Hakuna, bosi," nikajibu. "Ni pori tu."

Haukupita muda likazungushiwa waya. Mimi nikapewa kipaza sauti, nilinde lango dhidi ya wavamizi.

Mafuriko yalipopungua, wavamizi wakaja asubuhi na majembe na matenga. Aliyetangulia ni mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima sijawahi kukaa naye jamvi moja. Nyuma yake mke wangu, aliyeniaga kwamba anakwenda kanisani.

Nikawasha kipaza sauti. "Shikamoo mama. Wavamizi rudini nyuma."

Mama mkwe hakupandisha sauti. "Marahaba, baba. Siku unakuja kuposa ulikula kambale wawili. Ulidhani wametoka dukani?"

Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka. Bonde zima likasikia.

Waliling'oa lango, wakang'oa nguzo moja moja. Polisi walipofika walikamata watu sita, mke wangu akiwemo. Kijiji kizima kikaenda kuketi nje ya kituo siku mbili mpaka wakaachiwa. Mimi sikwenda. Niliona aibu, nikajiambia nina kazi.

Kwenye mkutano wa wilaya mwekezaji alisema aliambiwa ni pori. Na nani? Akaninyooshea kidole. Kazi yangu ikaishia palepale.

Mkutano uliamua bonde lirudi kwa wenyewe, na limerudi. Mke wangu yuko kwa mama yake. Nimetuma wazee mara mbili. Wamerudi wameshiba kambale, bila mke.

Wenzangu, mkiombwa kuonyesha mipaka ya ardhi ya wote, semeni hamuijui, mkawaite wenzenu. Mimi nilijifanya naijua peke yangu. Sasa najipikia wali, na mboga naomba kwa majirani ambao bado wananisalimia.

Wako wawili. Mmoja haoni vizuri.